Habari Kuu ya Muhuri Ulioishiwa na Miaka

Njooni karibu, enyi nyote mliowahi kubeba bahasha ya kaki kwapani kama mtoto mchanga. Enyi mliotoa nakala ya kitambulisho upande wa mbele mkaambiwa mrudi na wa nyuma. Enyi mliosimama mbele ya dirisha lililoandikwa "Huduma" mkizungumza na mgongo wa mtu. Habari hii si ya wafalme, kwa maana wafalme hawajazi fomu. Ni habari ya Joyline Naliaka binti Sifuna, Mshika Simu wa Waithaka, Asiyekata Simu Kwanza, aliyekiomba msamaha hata kiti alichokigonga kwa paja; na jinsi alivyouchukua muhuri wa mpira siku ya Ijumaa, akaupeleka mjini, akaurudisha ukiwa hai.

Nawe, Wino, mama wa risiti zote, usiikaukie simulizi hii kabla haijafika mwisho.

Nyuma ya ukuta wa mabati ya kijani, huko Waithaka pembezoni mwa jiji, palikuwa na ufalme wa malori matatu ya maji. Mtawala wake alikuwa Mzee Ndungu, Bwana wa Kisima Kirefu, Mvaa Kofia ya Sufi Hata Januari. Malori yake yalikwenda mitaa ya kitajiri ya Karen na Spring Valley kila mifereji ya huko ilipokohoa hewa, na kati ya malori hayo na nyumba zenye kiu alikaa Joyline na simu zake mbili. Kwa miaka minne alikuwa amejifunza sauti za wateja kama jemadari anavyojifunza milima. Alilijua lango lenye mbwa watatu, na lango lenye mbwa mmoja aliye mbaya kuliko hao watatu. Alijua kwamba bibi mmoja wa Spring Valley, anayefoka kwenye simu, "Maji yangu iko wapi?", hafoki kwa hasira bali kwa sababu masikio yake yamechoka, na kwamba ukimwambia polepole, kama mjukuu kwa nyanya yake, "Shosho, yako njiani," sauti yake hushuka na kukuuliza kama umekula.

Basi ikatokea kwamba Ciru, binti wa pekee wa mzee, afanyaye kazi katika ofisi yenye zulia, akaleta habari za akili unde: mashine ipokeayo simu, isemayo Kiswahili na Kikuyu, na kuwapangia madereva safari zao.

"Baba, hiyo kitu hailali," alisema Ciru. "Haiombi likizo. Haiendi hata kunywa chai."

"Na ikimaliza kazi inafanya nini?" aliuliza Mzee Ndungu.

"Haimalizi."

Mzee alivua kofia, jambo alilolifanya mazishini tu, akaivaa tena.

Siku hizohizo serikali ilikuwa imetangaza, kwa tarumbeta za redio na mabango ya barabarani, ruzuku ya kuwafundisha wafanyakazi ujuzi wa akili unde. Kila biashara ndogo ingeweza kumwombea mfanyakazi mmoja, naye angefundishwa miezi mitatu kwa gharama ya Mfuko wa Ujuzi Mpya. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri.

Mzee Ndungu alimwita Joyline mbele ya kisima, akasimama kama mtu atakayehutubia taifa.

"Mami, mimi sikufukuzi. Watu wasiseme Ndungu alifukuza mtoto wa wenyewe. Lakini siwezi nunua mashine na nikulipie shule. Serikali ikikusomesha, wewe ndio utakuwa dereva wa hiyo mashine. Isipokusomesha..." Akatazama pembeni, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Basi itajiendesha."

"Sawa, Mzee," alijibu Joyline, kama alivyojibu kila kitu tangu aajiriwe. Kisha akaenda nyuma ya lori la pili, akalia kwa dakika mbili, akanawa uso kwa maji, ambayo pale hayakuwa ya kutafutwa.

Zitafakarini sasa sheria za vita hivyo. Fomu ya mafunzo ya teknolojia ya kisasa ilipakuliwa mtandaoni, lakini haikujazwa mtandaoni. Ilichapishwa nakala tatu, ikajazwa kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi, ikatiwa sahihi ya mwajiri, ikapigwa muhuri wa mwajiri wenye tarehe, kisha ikapelekwa kwa mkono hadi ghorofa ya sita ya jumba moja refu katikati ya jiji, ambamo lifti ilikuwa imepumzishwa. Na swali la kumi na moja liliuliza: "Je, mwombaji ana ujuzi wa akili unde? Kama hana, aambatanishe uthibitisho."

Joyline alikesha na swali hilo moyoni. Mwishowe aliandika HANA, na kama uthibitisho akaambatanisha barua ya Mzee Ndungu iliyosema, "Namjua. Kwa kweli hana."

Alhamisi alipanda ngazi zile kwa mara ya kwanza. Dirisha la Nne lililindwa na Musili, Jicho Lisilopepesa, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alizipitia karatasi moja baada ya nyingine, ukucha wake ukitembea chini ya kila mstari kama askari wa doria. Ulipofika kwenye muhuri, ukasimama.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni mwaka," alisema Joyline.

"Naona ni mwaka. Naona ni mbili sifuri mbili nne, halafu nne imepakwa kalamu ikawa tano. Nani alipaka?"

Aliyepaka alikuwa Mzee Ndungu mwenyewe, na siri ilikuwa hii: tarehe za muhuri ule zilizungushwa kwa kidole kwenye vikanda vidogo vya mpira, na ukanda wa miaka ulianza 2013 ukaishia 2024. Baada ya hapo palikuwa na mpira mtupu. Tangu Januari mzee alikuwa akipiga muhuri wa mwaka uliokufa, kisha akiufufua kwa kalamu, risiti baada ya risiti, na wateja wa Karen hawakuwahi kuteta, maana maji yalifika.

"Muhuri haiandikwi na kalamu," alisema Musili. "Ukiandika na kalamu hiyo si muhuri, ni mchoro. Leta ingine kesho. Saa kumi nafunga, hata kama ni mama yangu amesimama hapo. Anayefuata!"

Jioni ile baraza la vita lilikaa ofisini. Ciru alikuwa wa kwanza kusema.

"Baba, nunua muhuri mpya. Ni dakika kumi tu huko mjini, na ile mpya inajipaka wino yenyewe."

Muhuri ulikuwa mezani, ndani ya kopo la biskuti ulimokaa siku zote pamoja na pedi yake ya wino wa zambarau. Mpini wake wa mbao ulikuwa mweusi kwa jasho la viganja, na umezungushiwa uzi mwekundu upande mmoja. Uzi ule alikuwa ameufunga Wamucii, mke wa mzee, mwaka lilipofika lori la kwanza, ili yeyote ashikaye muhuri ajue upande wa juu bila kutazama. Wamucii ndiye aliyeuchagua, ndiye aliyepiga risiti ya kwanza, na sasa alikuwa na miaka mitatu kaburini.

"Muhuri wa kampuni ni huu," alisema Mzee Ndungu. "Siku utatupwa, mnitupe na mimi."

"Hakuna mtu amesema kutupa, Baba."

"Mpya ni kutupa. Mimi sijazaliwa jana."

Hapo Joyline alisikia sauti ikisema, "Kuna mafundi mjini wanabadilisha miaka peke yake," akageuka kuona ni nani, akagundua ni yeye.

Muhuri ule haukuwahi kutoka nje ya ukuta wa mabati.

"Nitaurudisha, Mzee."

Ndipo mzee akatia sahihi fomu mpya, na kesho yake asubuhi akaufunga muhuri ndani ya leso yake safi, akaweka na pedi ya wino juu yake, maana, alisema, muhuri hausafiri bila wino wake kama vile mgonjwa hapelekwi hospitali bila blanketi.

"Usiukalie," aliongeza. "Na usiuweke karibu na simu."

"Simu itaufanya nini, Baba?" aliuliza Ciru.

"Nani anajua siku hizi?"

Safari ya kwenda mjini haitasimuliwa, kwa kuwa Joyline alikaa dirishani na hakuna lililotokea. Lakini alipofika kwenye vichochoro vya karibu na River Road, ambako jiji lote hukatiwa funguo, hufungiwa vitabu na kuchongewa mihuri, fundi wa kwanza alicheka. Wa pili alisema vikanda vile haviuzwi siku hizi. Wa tatu alimwambia arudi Jumanne. Jua lilipita utosini, na saa nane ilikuwa imegonga alipomfikia Omollo, Tabibu wa Mpira, aliyekaa katika kibanda chembamba hivi kwamba akitaka kugeuka ilibidi atoke nje kwanza.

"Sasa, mrembo. Muhuri? Nina ya duara, nina ya mraba, nina ya kujipaka."

"Hapana. Nataka miaka."

"Kila mtu anataka miaka," alisema Omollo. "Lete nione."

Akaifungua leso, akapiga mluzi. "Aisee! Huyu mzee anafaa pensheni. Wewe ni wa wapi?"

"Webuye."

"Basi sisi wote watu wa magharibi; nikuambie ukweli kama jirani. Hii kitu kuikarabati ni kazi kuliko kununua mpya. Nikukatie mpya, nikufanyie bei ya nyumbani, hii uachie watoto wacheze nayo."

Moyo wa Joyline ulipiga kama pampu ya kisima. Maisha yake yote fundi akisema, yeye aliitikia. Msusi aliwahi kumsuka mtindo asioutaka, akamshukuru na kumwongezea ya soda. Lakini sasa alikumbuka mzee aliyesema atupwe pamoja na muhuri wake.

"La," alisema. "Ni huohuo."

Omollo alimtazama, akaona kitu asichotaka kubishana nacho, akapekua bati la vipande vya mihuri iliyovunjika. Akatoa ukanda mdogo, akaupuliza vumbi, akauinua kwenye mwanga: 2025, 2026, na kuendelea. Akachukua bisibisi nyembamba kama sindano. Enyi wasikilizaji, zuieni pumzi! Chuma kikafunguka, mhimili ukatoka, siku na miezi ikamwagika mezani, na mwaka mzima wa Kenya ukalala pale vipandevipande kati ya gundi na kikombe cha chai.

"Sasa huu uzi natoa, unanizuia."

"Huo uzi usiguse!"

Sauti ilitoka kubwa kiasi kwamba mkata funguo wa kibanda cha pili alichungulia. Omollo akainua mikono yote miwili.

"Sawa, madam. Sijagusa. Umeona nimegusa? Jamani, watu wa Webuye!"

Akaufanyia kazi upande wa pili, akilalamika, ulimi ukiwa nje. Saa nane na dakika arobaini muhuri ulirudi kuwa mmoja. Joyline aliutafuta uzi kwa kidole gumba, akaubonyeza muhuri kwenye pedi, akaushusha juu ya fomu kwa mikono miwili. Ulipoinuka, mwaka ulisomeka: 2025, wa zambarau, usio na kalamu. Omollo mwenyewe aliinama kuutazama.

"Haki, imetoka poa," alisema kwa sauti ya chini.

Kisha Joyline akakimbia. Alikimbia na bahasha kifuani na mfuko begani, akaziparamia ngazi za ghorofa sita, na juu akakuta jeshi: watu thelathini na zaidi, waajiri na waajiriwa, kila mmoja na bahasha ya kaki. Mbele yake alisimama Ogutu, fundi seremala wa Kawangware, aliyekuja kumwombea msaidizi wake.

"Dada, pumua kwanza," alisema Ogutu. "Hapa hata hewa tunapanga foleni."

Foleni ilisogea kama jino linalong'oka, na nyuma yake wengine wakazidi kujipanga. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Ogutu akafika dirishani, na Musili akazipitia karatasi zake kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekosa kosa, akainua muhuri mkubwa wa Mfuko, ule wenye neno IMEPOKELEWA, akaushusha kwa kishindo.

Hakukuonekana kitu.

Akaushusha tena. Kikaonekana kivuli cha herufi M. Akaifungua pedi yake ya wino, akaigusa, akatazama kidole. Kilikuwa kisafi kama cha mtoto aliyeoshwa.

"Wino imeisha," alitangaza Musili. "Wino iko stoo. Wa stoo ametoka kidogo. Mrudi Jumatatu."

"Jumatatu itakuwa imefungwa!" alisema Ogutu. "Si mmesema mwisho ni leo?"

"Mwisho ni leo. Na bila muhuri ya leo siwezi sema nilipokea leo. Mimi sikutunga sheria."

Hapo kilio kikapanda kutoka foleni yote. Mama mmoja mwenye saluni aliuliza kama hiyo akili unde haikuweza kujua wino unakwisha. Mzee mwenye duka la dawa alikaa chini sakafuni. Na Joyline Naliaka alisimama nyuma ya Ogutu, akihisi pedi ya zambarau ndani ya mfuko wake, nzito kama jiwe la kusagia.

"Mimi nina wino," alisema.

Hakuna aliyesikia.

"Samahani. Nina wino."

Ogutu alikuwa akipiga meza. Musili alikuwa ameshika pazia la dirisha. Joyline akafikiria simu zake mbili, na sauti isiyo na mwili ikimjibu bibi wa Spring Valley bila kujua kwamba yule anahitaji kusemeshwa polepole. Akafikiria bibi akisema, "Na wewe umekula?" na pale upande wa pili pasiwe na tumbo. Akajaza kifua chake hewa yote ya ghorofa ya sita.

"NINA WINO!"

Ukumbi mzima ukageuka. Hata yeye alitamani kujiomba msamaha. Badala yake akaitoa pedi, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha.

Musili akaifunua. "Hii ni ya zambarau. Wino ya serikali ni buluu."

Ndipo Ogutu, Mwana wa Randa na Msumeno, alipoweka mkono kifuani na kuhutubia: "Bwana Musili, ndugu yangu. Sisi watu wote hapa tumekuja kusoma mambo ya miaka mia inayokuja. Tumepanda ngazi kwa miguu. Kweli utatufungia nje sababu ya rangi? Mjukuu wako akikuuliza ulikuwa wapi siku hiyo, utamwambia ulikuwa unatafuta buluu?"

"Sina mjukuu," alisema Musili.

"Utapata!" alisema mama wa saluni, na watu wakacheka, na ikasemekana baadaye kwamba pembe ya mdomo wa Musili ilisogea. Akauzamisha muhuri wa Mfuko katika wino wa Wamucii. Akaupiga juu ya karatasi za Ogutu. Kisha akazichukua za Joyline, ukucha ukatembea, ukafika kwenye mwaka, ukasimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Leo ni safi," alisema, akapiga.

IMEPOKELEWA. Saa kumi kasoro dakika nne.

Angeweza kuondoka. Lakini nyuma yake walikuwa wamebaki watu ishirini na saba, na pedi ilikuwa moja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na mfuko magotini hadi wa mwisho, yule mzee wa duka la dawa, alipopokelewa saa kumi na dakika ishirini, maana Musili, ambaye angemfungia hata mama yake, hakuitazama saa tena. Alipoirudisha pedi aliifunika vizuri kwa mikono miwili. "Sema asante kwa mwenyewe," alisema.

Joyline alifika Waithaka jua likiwa bado juu ya mabati. Simu yake ikalia mfukoni: "Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Usijibu ujumbe huu." Alikaribia kuujibu, "Asante."

Mzee Ndungu alikuwa mlangoni, na Ciru nyuma yake. Hakuuliza habari za fomu. Alinyoosha mkono, akaifungua leso, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye uzi mwekundu. Ulikuwapo. Akaketi. Akavaa miwani. Akaanza kuuzungusha ukanda wa miaka polepole, mwaka baada ya mwaka, midomo yake ikihesabu bila sauti, hadi mpira ulipogoma.

"Wamechukua karatasi," alisema Joyline. "Lakini hawajasema kama watakubali, Mzee. Wamesema tungoje."

"Na wakikataa, Baba?" aliuliza Ciru. "Wenye ile mashine niwaambie waje Jumatatu?"

Mzee Ndungu hakuinua macho kutoka kwenye muhuri.

"Wakikataa ataomba mwaka ujao. Wakikataa mwaka ujao ataomba ule mwingine." Akauvuta mkono wa Joyline, akamwekea muhuri kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake, kisha akamgeukia Ciru. "Huyu mama yako ako na miaka mpaka elfu mbili thelathini na sita. Mashine itangoja."

Simu ya kwanza ikalia. Joyline akaipokea, naye bibi wa Spring Valley akafoka kutoka upande wa pili wa jiji.

Basi andikeni, enyi mnaoandika mambo makubwa ya nchi, na muandike kwa wino wa zambarau: kwamba siku ya Ijumaa, katika mwaka wa kwanza wa ukanda mpya, Joyline Naliaka binti Sifuna alipiga kelele mara mbili kwa siku moja, kisha akarudi mezani pake akasema, polepole, kwa sauti yake ya kila siku, "Shosho, yako njiani. Na ndiyo, nitakula sasa hivi."